Vihisi vya mizinga ya nyuki: uzito, joto na maji. Naomba ushauri wa kuchagua na kuunganisha

MzingaSikonge (mleta mada)

Habari za wakati huu, ndugu zangu wa jukwaa hili.

Mimi ni mfugaji wa nyuki katika wilaya ya Sikonge, mkoani Tabora, na kwa upande mwingine nafanya ufundi wa umeme wa majumbani. Mizinga yangu ni ya mbao, ile ya kisasa, nayo imening'inizwa kwa waya kwenye miti ya miombo mbali na makazi ya watu. Kila ninapofungua mzinga ili nijue kama asali ipo, nyuki wanasumbuka, na wakisumbuliwa mara kwa mara wanahama. Kwa hiyo nataka kufahamu mambo matatu bila kufungua: uzito wa mzinga umeongezeka kwa kiasi gani, nyuki bado wamo au wameshahama, na maji ya pipa la kuwanyweshea nyuki wakati wa kiangazi yamebaki kiasi gani.

Vifaa nilivyonavyo ni bodi ya ESP32 na bodi ya Arduino Uno (kompyuta ndogo za kusoma vihisi), DHT11 ya kupimia joto na unyevu wa hewa, kihisi cha mwangwi HC-SR04 cha kupimia umbali, pamoja na lodiseli (vihisi vya uzito) nne zilizotoka kwenye mizani ya kupimia uzito wa mtu, ambazo kila moja ina nyaya tatu. DHT11 niliyoiweka ndani ya mzinga ilikuwa inatoa namba nzima tu, mara 33, mara 35, na unyevu wake ukapanda juu ukabaki hapohapo. Nilipoitoa nikakuta matundu yake yamezibwa kwa gundi ya nyuki. Lodiseli nazo nimejaribu kuzisoma moja kwa moja kwenye pini ya analogi ya Uno, lakini namba haisogei hata nikining'iniza kitu kizito.

Naomba mnisaidie katika haya. Je, ninunue vihisi gani? Je, inafaa kuvuta nyaya kutoka kila mti hadi kwenye kisanduku kimoja kilichopo kibandani, umbali wa kama mita 40? Na je, unyevu wa asali yenyewe unaweza kupimwa kwa kile kihisi cha unyevu wa udongo? Natanguliza shukrani.

Mwalimu_Ipuli

Karibu sana, ndugu MzingaSikonge. Nimefurahi kwamba umeanza kwa kutaja unachotaka kujua, kwa maana wengi wanaoniletea kazi zao hapa Tabora mjini hununua kwanza, kisha ndipo wanajiuliza kifaa walichonunua kitapima nini. Kihisi huchaguliwa kwa kutazama tofauti ndogo kabisa ambayo jibu lako linahitaji uione, na mahali ambapo kihisi hicho kitaishi. Ukishayajua hayo mawili, orodha ndefu ya dukani inafupika yenyewe.

Nianze na joto. Nyuki wenye majana (watoto wa nyuki walio ndani ya masega) hulishikilia joto la eneo la majana karibu na nyuzi 34 hadi 35, usiku na mchana, wakati wa baridi na wakati wa jua kali. DHT11 ina usahihi wa nyuzi 2 juu au chini, na hatua yake ni nyuzi moja moja, kwa hiyo eneo lote la joto unalotaka kulichunguza linamezwa na kosa la kifaa chenyewe. Ndiyo maana ulikuwa unaona 33, kisha 35, bila kujua kama ni nyuki au ni kihisi. Kihisi cha joto cha DS18B20 kinakufaa zaidi. Usahihi wake ni nusu ya nyuzi joto kati ya nyuzi 10 chini ya sifuri na nyuzi 85, na hatua yake ndogo kabisa ni nyuzi 0.0625. Naomba uzitenganishe namba hizo mbili kichwani: hatua ndogo inakuonyesha kwamba joto limebadilika, lakini haikuhakikishii kwamba namba unayoisoma ni ya kweli. Faida nyingine ni kwamba inapatikana ikiwa imefungwa ndani ya kifuko cha chuma kisichopenya maji, na nyuki wakikipaka gundi kifuko hicho, hakidhuriki, kwa sababu joto linapita.

Sasa tazama swali lako la pili, la nyuki kuhama. Hapo huhitaji usahihi mkubwa kabisa. Weka DS18B20 mbili, moja katikati ya masega ya majana na nyingine nje, chini ya mzinga, mahali pasipopigwa na jua. Alfajiri ya Julai, nje pakiwa pameshuka hadi nyuzi 15 au 16, mzinga wenye nyuki na majana utakuwa bado kwenye thelathini na kitu, ilhali mzinga mtupu utakuwa unaufuata ubaridi wa nje. Tofauti ya namna hiyo hata kihisi chenye kosa la nyuzi nzima kitaiona. Nasema hivi kwa makusudi, kwa sababu DS18B20 za kuiga zimejaa sokoni, na kwa swali hili hata hizo zitakuhudumia. Sharti moja tu: kihisi kikae kwenye majana kweli, kwa sababu upande wa masega ya asali joto huyumba zaidi, na kundi lisilo na majana nalo hulegeza ushikaji wake wa joto.

Unyevu wa hewa ndani ya mzinga ningekushauri uuache. Katika maswali yako matatu hakuna hata moja linalojibiwa na unyevu, na kihisi cha unyevu lazima kiguse hewa, maana yake lazima kiwe na tundu, na tundu lolote nyuki wataliziba. Siku ukiuhitaji, tafuta kihisi cha SHT31 na ukizungushie wavu mwembamba wa chuma.

Uzito ndio wenye maelezo marefu zaidi. Lodiseli ni kipande cha chuma kilichobandikwa nyuzi nyembamba ambazo ukinzani wake hubadilika kidogo mno chuma kinapopinda. Nyingi hutoa milivolti 2 kwa kila volti 1 unayoilisha pale zinapobeba mzigo wao wote. Chukua lodiseli ya kilo 100, ilishe volti 5: mzigo wa kilo 100 utatoa milivolti 10 tu, na kilo moja itatoa milivolti 0.1. Pini ya analogi ya Uno hugawa volti 5 katika hatua 1024, na kila hatua ni karibu milivolti 4.9. Hii ina maana kwamba hatua moja ya Uno ni sawa na karibu kilo 49. Ndiyo sababu namba yako haikusogea, na programu yako haina lawama yoyote. Unahitaji HX711, ambayo ni kikuzaji cha ishara na kigeuzi cha kuifanya namba, cha biti 24, katika chipu moja, na imetengenezwa kwa ajili ya mizani. Hukuza ishara mara 128, na husoma mara 10 au mara 80 kwa sekunde kulingana na pini moja inavyounganishwa. Tumia mara 10, kwa maana usomaji wake ni mtulivu zaidi na mzinga hauna haraka.

Zile lodiseli nne zenye nyaya tatu kila moja ni nusu daraja, yaani kila moja ina nusu tu ya saketi ya kupimia. Zote nne huunganishwa pamoja ili kupata daraja moja kamili, na zimeundwa kukanyagwa kutoka juu huku zikikaa kwenye sakafu ngumu. Mzinga wako unaning'inia, kwa hiyo nunua lodiseli moja ya umbo la S, yenye tundu la skrubu juu na chini, unayoweza kuifunga ndoano pande zote mbili. Kama mzinga uliojaa hauzidi kilo 60, chagua ya kilo 100. Usichague ya kilo 500 ukidhani ni salama zaidi, kwani ishara yako itapungua mara tano wakati kelele ya umeme inabaki ileile.

Kuhusu unyevu wa asali, kihisi cha udongo hakifai kabisa. Kihisi hicho kinapima tabia ya umeme ya kitu kilichokizunguka, na katika asali tabia hiyo hubadilika kwa joto na kwa madini ambayo hutofautiana kutoka ua moja hadi jingine. Tumia refraktomita ya mkononi ya asali (hupima maji kwa jinsi mwanga unavyopinda ndani ya asali), tone moja tu linatosha. Kiwango cha kimataifa cha Codex ni kwamba maji yasizidi asilimia 20 kwa asali ya kawaida.

FundiKibirizi

Ndugu MzingaSikonge, na Mwalimu, shikamoo. Mimi niko Kigoma, na kazi zangu nyingi ni za matangi ya maji na vichanja vya kukaushia dagaa. Mwalimu ameshughulikia vihisi, kwa hiyo nitasema juu ya nyaya na umeme, maana huko ndiko ninakoona kazi nyingi zinaharibikia hata kama kihisi chenyewe ni kizuri.

Usivute nyaya za mita 40. Sababu ya kwanza ni ishara. Itifaki ya I2C (njia ya vihisi kuzungumza na bodi), inayotumiwa na SHT31 na BME280 (kihisi cha joto, unyevu na kanieneo ya hewa), iliwekewa kikomo cha pikofaradi 400 katika njia nzima, na waya wa kawaida unazimaliza ndani ya mita chache, kwa hiyo I2C ni ya ndani ya kisanduku. DS18B20 inaweza kusafiri makumi ya mita ikiwa umevuta njia kuu moja yenye matawi mafupi, lakini ukiisambaza kama nyota, kila mti na waya wake kutoka kibandani, ishara hurudi na kugongana, na utapata usomaji unaokatikakatika. Waya unaotoka kwenye lodiseli ndio mbaya kuliko zote, kwani gramu 10 katika hesabu ya Mwalimu ni mikrovolti moja tu. Weka HX711 sentimita chache kutoka kwenye lodiseli, na bodi iwe karibu na HX711. Sababu ya pili ni radi. Waya mrefu uliopita kwenye miti wakati wa mvua za Novemba hadi Aprili utaokota umeme wa radi hata kama radi haikuupiga wenyewe, na utapoteza vihisi vyote kwa siku moja. Kila mti uwe na bodi yake na betri yake, na mawasiliano yawe ya redio ya LoRa (inayofika mbali kwa umeme mdogo) hadi kibandani, ukizingatia masafa yanayoruhusiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Kibandani ndipo pakae moduli moja ya laini ya simu ya kutuma ujumbe.

Kuhusu volti, kumbuka kwamba pini za ESP32 ni za volti 3.3 na hazivumilii volti 5. HC-SR04 hulishwa volti 5 na pini yake ya mwangwi inarudisha volti 5. Katikati weka kigawanya volti: rezista ya kilo-omu 1 kutoka kwenye mwangwi hadi pini ya ESP32, na ya kilo-omu 2 kutoka pini hiyo hadi hasi, utapata volti 3.3. DS18B20 ilishe volti 3.3 na uweke rezista ya kilo-omu 4.7 kati ya waya wa data na chanya. Bila rezista hiyo haisomi. Ukija kutumia kihisi chochote cha analogi, kiunganishe kwenye pini za ADC1 (kundi la kwanza la pini za kusoma analogi), kwa kuwa kundi la pili, ADC2, halisomeki wakati Wi-Fi ya ESP32 imewashwa.

Betri ina hesabu yake. Chipu ya ESP32 ikilala usingizi mzito hutumia karibu mikroampea 10, lakini bodi nzima uliyoinunua ina taa, rekebishi ya volti na chipu ya USB, na hivyo vyote havilali. Ikiwa bodi inakula miliampea 10 ikiwa imelala, betri ya miliampea-saa 2500 itaisha kwa takriban siku 10. Pima kwa mita yako kabla hujaenda msituni, na utafute bodi iliyoundwa kwa ajili ya betri. HX711 nayo ilaze: ukiushikilia waya wake wa saa ukiwa juu kwa zaidi ya mikrosekunde 60, inazimika yenyewe. Moduli ya laini ya simu ya SIM800L huhitaji volti kati ya 3.4 na 4.4, na inapotuma inavuta hadi ampea 2 kwa muda mfupi sana. Ikilishwa na waya mwembamba, volti huanguka na moduli hujiwasha upya, kisha mtu anailaumu laini ya simu. Tumia waya mnene na mfupi, na kapasita ya mikrofaradi 1000 karibu kabisa na moduli.

Kwa pipa la maji ningependekeza kihisi cha mwangwi cha JSN-SR04T badala ya HC-SR04. Macho ya HC-SR04 yako wazi na mvuke wa maji huyaharibu, lakini ile nyingine uso wake umezibwa. Ifunge juu ya kiwango cha juu cha maji kwa zaidi ya sentimita 25, kwa sababu karibu zaidi ya hapo haioni. Ujue pia kwamba mwendo wa sauti ni mita 343 kwa sekunde katika nyuzi 20 na huongezeka kwa mita 0.6 kwa kila nyuzi joto moja, kwa hiyo kutoka nyuzi 16 za alfajiri hadi 34 za mchana usomaji wa mita moja utasogea kwa sentimita 3 ingawa maji hayajapungua. Kwa kuwa utakuwa na kihisi cha joto la nje, rekebisha hesabu hiyo ndani ya programu.

Jambo dogo la mwisho: ukiagiza BME280, mara nyingi utaletewa BMP280, ambayo haina kihisi cha unyevu na kwa macho zinafanana. Soma namba ya utambulisho iliyo ndani ya chipu. BME280 hujibu 0x60, na BMP280 hujibu 0x58.

MamaNyuki_Urambo

Hamjambo, wanangu. Sijui mambo ya biti na volti, lakini nyuki nimewafuga tangu enzi za mizinga ya magome, na mjukuu wangu ameniwekea mizani ya namna hii kwenye mzinga mmoja. Nina machache ya kusema juu ya namna ya kuisoma.

Pima saa kumi alfajiri, kila siku saa ileile. Mchana mzinga una nyuki pungufu kwa sababu watafutaji wako nje, na nyuki elfu kumi ni kama kilo moja. Ukilinganisha uzito wa asubuhi ya leo na wa saa saba mchana wa jana, utakuwa unawahesabu nyuki na si asali. Mbao nazo hunywa maji. Baada ya mvua kubwa mzinga huongezeka uzito kisha hushuka taratibu jua likiwaka, kwa hiyo upake rangi nje na uuwekee paa la bati linalotokeza pembeni.

Kisha uelewe, mwanangu, kwamba uzito haukuambii asali imekomaa. Nyuki wanapoleta mbochi (maji matamu ya maua), mzinga unakuwa mzito upesi, lakini mbochi huo ni maji mengi. Usiku wanapepea na maji yanatoka, na uzito unapungua ilhali asali ndiyo inazidi kuwa asali. Ukiona uzito umepanda siku nyingi, kisha umesimama au umeshuka kidogo kidogo, hapo ndipo uende ukafungue uone kama masega yamefunikwa kwa nta. Mizani inakuonyesha siku ya kwenda kutazama, na macho yako ndiyo yanayoamua kuvuna. Ukiona uzito umeanguka ghafla usiku mmoja, tazama joto pia. Uzito ukianguka na joto likibaki, huenda nyegere au mwizi ameondoa masega machache na kundi bado lipo. Vyote viwili vikianguka, kundi halipo.

Juu ya maji, naomba nitofautiane kidogo na fundi wa Kigoma. Swali la kijana ni kama maji yanakaribia kuisha ili apeleke mengine. Mimi nina boya la swichi, la nyaya mbili, ndani ya pipa. Maji yakishuka chini ya alama, swichi inafunga, yaani inaunganisha nyaya, na ujumbe unatumwa, basi. Halili betri na halisumbuliwi na joto. Kwa kuwa ndani ya pipa huwa tunaweka vijiti na magunzi ili nyuki wapate pa kutua wasizame, boya lenyewe liingize kwenye bomba la plastiki lililotobolewa matundu madogo, vijiti visije vikalibana.

Na kazi yoyote ya kuweka nyaya ndani ya mzinga ifanyike jioni giza likiingia, kwa taa nyekundu, maana rangi nyekundu nyuki hawaioni. Taa zote ndogo za bodi zifunikwe. Ukiacha hata moja, wadudu wa usiku watajaa kisandukuni.

FundiKibirizi

Mama, shikamoo. Kwa pipa hili nakubaliana nawe, boya linatosha na ni imara kuliko pendekezo langu. Ndugu MzingaSikonge, iunganishe swichi ya boya kati ya pini ya ESP32 na hasi, washa rezista ya ndani ya kuvuta juu (inayoishikilia pini kwenye volti 3.3 swichi ikiwa wazi), na programu isubiri sekunde chache kabla ya kuamini kwamba imefunga, kwani maji yanapotikiswa na upepo boya huchezacheza. JSN-SR04T ibaki kwa mtu mwenye tangi kubwa anayetaka kujua lita ngapi zimetumika kila siku.

MzingaSikonge

Shikamoo Mwalimu, shikamoo Mama, na ahsante sana kaka Fundi. Nimeamua nitaanza na mti mmoja: lodiseli ya umbo la S ya kilo 100 na HX711, DS18B20 mbili, boya kwenye pipa, na unyevu nauacha. Maelezo ya Mama kuhusu mbochi yamenibadilisha kabisa, kwa sababu nilikuwa nimepanga kuweka kilo fulani kama alama ya kuvuna.

Nina maswali mawili ya nyongeza. Kwanza, lodiseli itakuwa katikati ya tawi na mzinga, na nikiwaza mzinga mzima kushikwa na skrubu mbili nashikwa na hofu. Pili, sina maabara. Nitajuaje kwamba namba ninazozisoma ni za kweli?

Mwalimu_Ipuli

Marahaba, kijana. Hofu yako ina msingi. Pitisha mnyororo wa akiba kutoka kwenye tawi moja kwa moja hadi kwenye fremu ya mzinga, ukiipita lodiseli pembeni, nao uwe umelegea sentimita chache. Ukikaza utabeba sehemu ya uzito na mizani itakudanganya. Ukiwa mrefu mno, mzinga utaanguka kwa kishindo kabla haujadakwa, na kundi zima litakutokea. Ndoano ziwe zinazozunguka kwa uhuru ili lodiseli ivutwe kwa wima tu, maana ikipindwa kwa ubavu usomaji hauna maana. Upepo utaupeperusha mzinga, kwa hiyo soma mara ishirini hivi, zipange namba kwa ukubwa, uchukue ile ya katikati. Wastani wa kawaida huvutwa na usomaji mmoja uliopotoka, lakini namba ya katikati haivutwi.

Rangi za nyaya za lodiseli mara nyingi ni nyekundu na nyeusi kwa kulisha, kijani na nyeupe kwa ishara, lakini fuata karatasi ya kiwandani. Ukiona uzito ukiongezeka namba inapungua, badilishana nyaya mbili za ishara.

Kusawazisha uzito hakuhitaji maabara. Jaza maji kwenye dumu la lita 20, ulipeleke dukani kwenye mizani yenye alama ya uhakiki ya Wakala wa Vipimo, uandike kilo zake kwa kalamu kwenye dumu lenyewe. Usitegemee kwamba ni kilo 20, kwa sababu dumu lina uzito wake na likijazwa hadi mdomoni huchukua zaidi ya lita 20. Fanya madumu mawili. Soma lodiseli ikiwa tupu, soma ikiwa na dumu moja, upate kipimo cha kubadilishia namba kuwa kilo, kisha ning'iniza yote mawili uone kama jibu linalingana. Baada ya hapo acha dumu moja lining'inie usiku na mchana mzima, ukirekodi uzito pamoja na joto la nje. Dumu lililofungwa halibadiliki, kwa hiyo kila badiliko utakaloliona ni la joto juu ya lodiseli na HX711. Ikiwa karatasi ya lodiseli inasema asilimia 0.05 ya mzigo wote kwa kila nyuzi 10, hiyo ni gramu 50 kwa lodiseli yako, na za bei rahisi huzidi hapo. Ukipima alfajiri kama Mama alivyosema, sehemu kubwa ya kosa hilo inaondoka yenyewe, kwani joto la alfajiri halitofautiani sana siku hadi siku.

Kwa joto, wengi hufundishwa kutumia barafu na maji yanayochemka. Barafu iliyopondwa na kulowa maji kidogo ni sifuri, sawa, lakini maji ya hapa Tabora hayachemki kwa nyuzi 100. Tuko mita 1200 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka karibu na nyuzi 96, kwa hiyo ukiisawazisha DS18B20 ukidhani ni 100 utaipotosha kwa nyuzi 4. Kwa kazi yako kuna njia bora. Chukua chupa ya chai, weka maji ya vuguvugu ya nyuzi 37 au 38, tumbukiza vihisi vyote viwili pamoja na kipimajoto cha dijiti cha homa. Kipimajoto hicho kimetengenezwa kuwa sahihi kwa takriban nyuzi 0.1 katika eneo hilohilo, ambalo liko karibu kabisa na joto la majana. Koroga, subiri namba zitulie, uandike tofauti ya kila kihisi, uiingize kwenye programu.

FundiKibirizi

Naongezea machache ya programu na ya kisanduku, kisha namwachia kazi yake.

DS18B20 huanza na namba 85 mara inapowashwa, na huhitaji milisekunde 750 kukamilisha kipimo cha hatua ndogo kabisa. Ukiona 85 kamili katika rekodi zako, mzinga haujaungua, ni kwamba programu imesoma kabla ya wakati au kihisi kilikatikiwa umeme. Ukiona 127 chini ya sifuri, maktaba ya programu inakuambia kwamba haikukiona kihisi, na mara nyingi ni waya uliochomoka. Namba zote mbili zitupwe kabla ya hesabu yoyote. Hifadhi pia namba ghafi ya HX711 pamoja na kilo zilizokokotolewa, ili ukirekebisha usawazishaji baadaye uweze kuzikokotoa upya rekodi za nyuma.

Kisanduku kifungwe chini ya mzinga au kwenye shina la mti upande usiopigwa na jua la mchana, na nyaya ziingilie kwa chini. Kabla ya kuingia, kila waya uning'inie chini ya tundu kisha upande, ili maji ya mvua yadondokee hapo badala ya kufuata waya hadi ndani. Matundu yabanwe kwa vibana waya vya mpira, kwa sababu sisimizi hupenda joto la betri. Ukiziba kwa silikoni, usitumie ile inayonuka siki inapokauka, kwani hutoa asidi inayokula shaba ya viungo vyako, na baada ya miezi michache utakuta nyaya zimegeuka kijani. Tafuta isiyo na harufu hiyo, na uiache ikauke kabisa nyumbani kabla hujaipandisha mtini.